Njema ya Mlangoni

Kutoka duka langu hadi chumba cha Sista ni vidato kumi na saba. Nilivihesabu siku aliyohamia, nikavihesabu tena jioni, vikawa kumi na saba vilevile. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Si tamaa, ni kazi. Ukinunua gunia la viatu vya mitumba bila kulihesabu mara mbili, utarudi mtaani kwetu Kuze na kiatu cha kulia kisicho na mwenzake, na mguu mmoja haujawahi kuingia dukani kwangu kuulizia bei.

Nauza viatu vyeupe vya wauguzi, na sare zao, katika chumba cha chini cha nyumba aliyoniachia mama. Sista amekaa juu yangu miaka kumi na mmoja. Jina lake analo, liko kwenye mkataba wa kupanga, lakini halitumiki. Mtaani ni Sista, kama tunavyowaita wauguzi wa kike wa enzi zake. Alitoka bara, bara gani sikuuliza. Alifanya kazi wodini mpaka wakampa cheti na saa ya ukutani, na badala ya kurudi kwao akapanda ngazi zangu na kitanda cha kamba, mto mrefu wa sufi na kiti cha mbao chenye mikono. Nikadhani amekuja kupumzika.

Alikuja kufundisha Kiingereza. Wanafunzi wake walikuwa wageni: Wayemeni waliokimbia vita, Wasomali, Warundi, Wakongo, watu waliokuwa wauguzi na wakunga kwao, na walipofika hapa wakawa hawana hata mdomo. Nyumba za wagonjwa hapa mjini zinahitaji mikono, lakini daftari la zamu huandikwa kwa Kiingereza. "Kiswahili cha kumbembeleza mgonjwa," alikuwa akiwaambia. "Kiingereza cha kumwandika."

Mmoja wao ni Ashwaq, na bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Alikuwa mkunga kwao Yemen. Amezalisha watoto, anasema, mpaka akaacha kuhesabu, neno lililoniuma sana. Alikuja na binti wa miaka saba, wakapanga chumba kimoja nyuma ya madrasa. Karatasi yake ya kuruhusiwa kukaa mjini ilikuwa na tarehe ya mwisho. Akipata barua ya kazi kabla ya tarehe hiyo, karatasi ingeongezwa. Asipopata, yeye na mwanawe ni basi la kambi ya wakimbizi, kwenye jua na mahema, na masomo ya mtoto yaishie hapo. Tarehe hiyo alikuwa ameiandika kwa kalamu kiganjani, na kila alipokosha mikono aliiandika upya. Kwa Sista mikono ilikoshwa mara nyingi.

Darasa halikuwa na kitabu. Lilikuwa na mgonjwa. Aliitwa Bwana Mto: ule mto wa sufi, umevishwa kanzu na kofia, umelazwa juu ya kitanda cha kamba katikati ya chumba. Anayemaliza zamu husimama upande huu, anayeanza upande ule, na wa kwanza humkabidhi mwenzake mgonjwa kwa Kiingereza: amekula nini, amekunywa kiasi gani, amekojoa lini, kinamuuma nini, na lipi halijafanyika. Aliyepokea hurudisha yote kwa mdomo. Aliyekabidhi haruhusiwi kuondoka mpaka asikie amerudishiwa kila kitu. Kitu kikisahauliwa, Sista hugonga mkono wa kiti mara mbili, na wote huanza upya. Fabrice, Mrundi mmoja mrefu, baba wa watoto wanne, aliwahi kusimama pale dakika arobaini kwa sababu mwenzake alikuwa akisahau mkojo wa Bwana Mto kila alipoufikia.

Dari yangu ni ya mbao. Watu wakiniuliza kama nami nilisoma kwa Sista, hujibu la, nilikuwa chini nauza viatu. Lakini masikio hayana mlango.

Kosa lililomkera kuliko yote lilikuwa la saa. Sisi saa zetu huanza na jua. Kiingereza huanza kuhesabu usiku wa manane, Mungu ajua kwa nini. Mtu akiwaza saa kwa Kiswahili na kuitamka hivyohivyo kwa Kiingereza, dawa ya asubuhi hugeuka ya mchana. Hata Wayemeni, ambao hawakuzaliwa na saa yetu, walikuwa wameiokota mitaani. Kila ilipomponyoka mtu, Sista alisema, "Bwana Mto amekufa," akamfunika shuka mpaka usoni, na darasa zima likakaa kimya. Kwa hesabu yangu Bwana Mto alikufa mara mbili kwa wiki, na mazishini hatukuwahi kualikwa.

Kwenye viatu sikumweza. Kila mwanafunzi aliyekaribia kuitwa kazini aliletwa kwangu, naye Sista nyuma yake, mikono mgongoni.

"Tembea," humwambia mwanafunzi. "Tembea tena. Jirani, hiki kinalia."

"Kinalia kidogo tu, Sista. Kimezoea watu."

"Kiatu kinacholia hakiingii wodini. Mgonjwa kalala saa nzima akitafuta usingizi, wewe uje umwamshe kwa kiatu?"

Nilikuwa na dawa yangu: poda ya watoto chini ya soli ya ndani. Kiatu hunyamaza siku mbili, na katika siku mbili mteja huwa ameshafika mbali. Jozi ya kwanza niliyompa hivyo ilitembezwa juu ya dari yangu mchana kutwa, kutoka ukuta hadi ukuta. Jioni Sista akashuka, akaniomba nikunjue kiganja, akakipindua kiatu. "Poda yako imerudi, jirani." Tangu siku hiyo viatu vya wanafunzi wake vilinyamaza kwa haki.

Alikuwa na mikono ya aina mbili. Wa kulia ulikuwa wa wagonjwa: kucha fupi, umesuguliwa mpaka unang'aa, haushiki hata senti. Wa kushoto ulikuwa wa dunia. Kwa huo alilisha paka wa mtaa kutoka sahani yake mwenyewe, yeye aliyemfukuza Fabrice darasani kwa kucha chafu. Kwa huo pia alivuta sigara. Naam. Alisimama dirishani, mkono nje ili moshi usiingie chumbani; moja saa kumi na mbili asubuhi, moja baada ya darasa. Aliamini hakuna ajuaye, lakini vichungi vilianguka uani kwangu, viwili kwa siku. Sikumwambia. Mtu mwenye siri moja tu ni fukara, si vizuri kumnyang'anya.

Lakini ugomvi wake mkubwa ulikuwa na adabu zetu. Hapa Mji wa Kale, ukimuuliza mtu hali, hujibu njema, alhamdulillahi. Aliyeunguliwa na nyumba hujibu hivyo. Utakunywa kahawa, utaulizia watoto mmoja mmoja, ndipo utakaposikia kwamba paa halipo. Sista, mtu wa bara, hakuliweza jambo hili. "Hiyo ni njema ya mlangoni," alisema. "Mimi nataka ya ndani." Na humuuliza mtu tena palepale, mbele za watu, kana kwamba ya kwanza haikusemwa.

Alimfanyia hivyo Maalim wa madrasa, barazani, mbele ya wazee wenzake.

"U hali gani, Maalim?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Na ya pili?"

"Ya pili ipi, Sista? Nimekwambia njema."

"Umeniambia ya mlangoni. Mbona umekonda, na chupa ya maji haikutoki mkononi?"

Maalim alikasirika, akaniambia mpangaji wangu hana adabu. Wiki mbili baadaye alipanda vidato kumi na saba peke yake, akakaa nusu saa, akashuka na kikaratasi cha kwenda kupima sukari. Alipopita mbele ya duka langu akasema, "Adabu hana. Lakini akili anayo." Tangu hapo akawa akimsalimu kwa mbali, kama mtu anavyopita karibu na mbwa aliyewahi kumkimbiza.

Na yeye mwenyewe je? Miaka kumi na mmoja nilimuuliza hali kila asubuhi, naye alijibu njema kila asubuhi, bila ya pili. Mwalimu wa kuulizwa mara mbili hakuwahi kuulizwa mara mbili. Hilo nimelihesabu baadaye, na hesabu ya baadaye haina faida.

Ashwaq aliitwa mahojiano ya kwanza katika nyumba ya kutunzia wazee, humuhumu mjini. Kiingereza chake kilikwenda vizuri. Kisha matroni akampeleka kwa mzee mmoja kitandani, amtazame na aandike. Akamuuliza mzee hali. Mzee akasema njema, alhamdulillahi, akamwombea dua yeye na mwanawe. Ashwaq akaandika kwa Kiingereza safi kwamba hali ni njema. Matroni akafunua shuka. Mgongoni mzee alikuwa na kidonda cha kulala, upana wa kisosi. Akaambiwa arudi baada ya wiki sita, mara moja tu.

Nilisikia yote kupitia dari.

"Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara moja, Sista. Mzee wa umri wa baba yangu amenijibu na kumshukuru Mungu. Nimuulize tena kama niliyemwona mwongo?"

"Ndiyo. Muulize tena kama uliyemwona mwongo."

"Ni aibu."

"Aibu ni hicho kidonda."

Kisha nikasikia maji yakimiminwa, mikono ikikoshwa, na nikajua kuna mtu anaandika tarehe upya.

Kwa wiki sita Sista alimkazania peke yake, asubuhi kabla ya wengine. Bwana Mto aliulizwa hali mpaka mimi nilikuwa namjibia huku chini. Sista alikonda. Nilidhani ni hasira.

Mahojiano ya pili yalikuwa Alhamisi, saa nne. Kiganjani mwa Ashwaq zilibaki siku tisa.

Saa kumi na mbili asubuhi hiyo nilikuwa nafagia ua. Kichungi kikadondoka mbele ya ufagio. Nikatazama juu kabla sijajizuia: Sista dirishani, mkono wa kushoto bado nje. Akaurudisha ndani haraka, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Nami nikajifanya natazama mawingu.

Saa moja na nusu nikapanda na viatu vya Ashwaq. Sista alikuwa amekaa kitini, kando ya Bwana Mto.

"Umeamkaje, Sista?"

"Njema."

Kikombe kilikuwa upande wake wa kushoto, chai imemwagika kwenye kisosi mpaka kwenye kitambaa cha meza. Niliona kikombe, nikaona kisosi, nikaona kitambaa. Vitu vitatu, na sikuvijumlisha. Chini kulikuwa na mteja. Nikaweka viatu, nikashuka.

Saa mbili Ashwaq akapanda kwa zoezi la mwisho. Nikangoja kusikia kiti kikigongwa mara mbili. Hakikugongwa.

"Khala! Njoo juu," Ashwaq akaita; ndivyo aniitavyo, dada ya mama kwa Kiarabu.

Nilimkuta amepiga magoti, ameshika mikono yote miwili ya Sista, anaiminya. "Nimemuuliza, akasema njema," akaniambia. "Nimemuuliza tena, akacheka. Tazama anavyocheka."

Sista alikuwa akicheka kwa upande mmoja wa uso.

Nikapiga kelele dirishani, Maalim alete watu na mtu akimbilie barabarani Makadara kuzuia tuktuk, maana vichochoro vyetu haviingii gari. Ashwaq alikuwa ameshavua buibui la kutokea, amekunja mikono ya nguo.

"Saa... ngapi?" Sista akauliza.

"Mbili na robo."

"Nenda."

"Siendi. Wewe mwenyewe umesema mgonjwa haachwi."

"Haachwi." Ulimi ulikuwa mzito, kama mtu mwenye tonge kinywani. "Hukabidhiwa."

Ashwaq akatazama kushoto na kulia, akimtafuta wa kumkabidhi. Chumbani tulikuwa wanne, na mmoja alikuwa mto.

"Mie muuza viatu," nikasema.

Mkono wa kulia wa Sista ukagonga kiti mara mbili.

Ashwaq akasimama upande ule, mimi upande huu. "Khala, jambo la kwanza watakalouliza hospitalini: mara ya mwisho kuonekana mzima ni saa ngapi? Dawa yao ya kiharusi inategemea hiyo saa. Fikiri vizuri."

Jibu la saa moja na nusu lilikuwa tayari mdomoni. Si nilimuuliza, akasema njema? Nikatazama kile kisosi.

"Saa kumi na mbili," nikasema. "Alikuwa dirishani, anavuta sigara. Kwa mkono wa kushoto. Saa moja na nusu alikuwa ameshamwaga chai, nami sikumuuliza mara ya pili."

Sista akafumba macho. Miaka kumi na mmoja ya kuficha, imeanikwa mbele ya mwanafunzi wake. "Niwie radhi," nikamwambia.

Ashwaq akanikabidhi kwa Kiingereza: umri, mkono wa kushoto, mguu wa kushoto, uso, ulimi, saa aliyoonekana mzima, saa aliyokutwa, na kwamba asipewe chakula wala maji. "Rudisha, Khala."

Nikarudisha. Nilipofika kwenye saa nikatamka kumi na mbili, kwa Kiingereza.

"Bwana Mto amekufa," Ashwaq akasema. Hakutabasamu. "Ukisema hivyo watadhani ni usiku wa manane, watamnyima dawa. Rudia."

Miguu ya watu ilikuwa inapanda ngazi. Saa ya ukutani ilionyesha mbili na nusu imepita. Nikarudia, nikasema sita.

"Tena."

Nikasema sita. Mara ya pili ndipo akavaa viatu.

Tulimshusha akiwa kwenye kiti chake, Maalim mbele, akitembea kinyumenyume kichochoro kizima hadi Makadara, kanzu imelowa mgongo. "Sista," akawa anamwambia, "tuko pamoja. U hali gani?" Na kabla hajajibiwa, akamuuliza tena.

Daktari aliyetupokea alikuwa Mkenya kama mimi. Ningemweleza kwa Kiswahili angenielewa, na pengine angefurahi. Lakini mzigo nilikabidhiwa umefungwa kwa Kiingereza, nikaogopa kuufungua njiani kisije kikadondoka kitu. Nikausema wote kama ulivyo. Akaniambia kwa Kiswahili, "Sawa, mama, nimeelewa."

"Rudisha," nikamwambia.

Akanitazama, kisha akamtazama huyu bibi kitini, ambaye kidole chake cha kulia kilikuwa kimeinuka kikingoja. Akarudisha. Saa aliisema sita. Kidole kikashuka, wakamwingiza ndani.

Ashwaq alifika kwenye mahojiano zimebaki dakika tano. Safari hii alipelekwa kwa bibi mmoja. Bibi akasema njema, alhamdulillahi. Akamuuliza tena, bibi akasema njema. Akamuuliza ya tatu, uso ukimuungua kwa haya, na bibi akamvuta sikio akamnong'oneza kwamba meno yake ya bandia yamepotea siku nne, hajala kitu ila chai, na anaona aibu kusema. Ashwaq akaliandika hilo. Barua ya kazi ilitoka Jumatatu. Binti yake bado hunipitia akitoka shule, hukaa juu ya gunia la viatu na kunihesabia jozi, na hunisahihisha.

Sista alirudi baada ya wiki tatu. Dawa ilisaidia, si kwa vyote: anaongea polepole, anasimama akishikwa, na mkono wa kushoto umelala mapajani kama kifurushi alichoombwa na mtu amshikie kidogo. Sigara ameacha, maana mkono wa kulia ni wa wagonjwa na hakubali kuubadilishia kazi. Ua wangu ni msafi, nami sifurahii.

Kitanda cha kamba sasa ni chake. Bwana Mto amehamia kitini, na kofia yake. Wanafunzi wamejipangia zamu, na darasa linaendelea hivyohivyo: Fabrice humkabidhi Msomali, Msomali humkabidhi Mkongo, kwa Kiingereza, na mgonjwa mwenyewe huwasahihisha akiwa amelala. Jumanne na Ijumaa mchana zamu ni yangu, wakati ambapo hata mbuzi haulizii kiatu.

Jumanne iliyopita nilimlisha uji, vijiko kumi na vinne. Nikamfuta mdomo, nikakaa.

"U hali gani, Sista?"

"Njema."

Uhodari wote nilioutumia sokoni kuwavunja watu bei ulinitoka. Kumuuliza tena ilikuwa kukumbushana asubuhi ile, mimi na yeye.

"Na ya pili?"

Alitazama dirisha.

"Naogopa kulala," akasema. "Kila nikiamka, natazama huu kwanza." Akainua ule mkono wa kulia.

Nikaushika. Nikauminya, ukaniminya. Nikauminya tena kwa kuhakikisha, ukaniminya tena.

Ashwaq akaingia kutoka kazini na sare yake, viatu kimya, akakosha mikono, akasimama upande ule wa kitanda. Nikasimama upande huu. Nikamkabidhi kwa Kiingereza changu cha kupitia dari: uji vijiko kumi na vinne, maji kikombe kimoja, mkojo saa saba, ambayo kwao ni moja. Ya kwanza, njema. Ya pili, anaogopa kulala, asije akaamka na mkono wa kulia nao umekwenda.

Ashwaq akarudisha. Uji, maji, mkojo, njema. Hapo akanyamaza, adabu ilimshika, mwalimu wake amelala anamtazama.

Sista akagonga ubavu wa kitanda mara mbili.

Ashwaq akaanza upya, uji, maji, mkojo, njema, na akalisema lile la mwisho hadi mwisho wake, polepole. Ndipo nikashuka.